Punda wa Kwenye Wimbo Ni Mimi

Mliponiacha wiki iliyopita mliniacha pabaya: nimekaa mbele ya maikrofoni, taa nyekundu inawaka, mlango wa studio unafunguliwa, na anayeingia ni mke wangu.

Kwa ambaye hakuwepo, nitamweleza kwa kifupi, maana sipendi kukaa sana hapo.

Naitwa Alasdair Geddes, ila hapa Dunedin hakuna anayenimalizia jina, wananiita Dair. Mchana nauza mapazia. Alhamisi jioni napanda ngazi hadi kwenye redio yetu ya jamii, juu ya duka la mikate, naendesha kipindi. Kila wiki natengeneza kanda mseto yenye mada moja: nyimbo za mvua, nyimbo za jikoni, nyimbo za waliohama bila kuaga. Wanamuziki wangu ni wale wasio na kampuni wala meneja, wanaorekodi kwenye magereji na vyumba vya kulala. Halafu namwalika mmoja wao tuzungumze.

Siku moja pakawekwa mlangoni mwa redio kanda isiyo na jina la mtu, imeandikwa tu "Bi Jumatatu". Ndani mlikuwa na wimbo kuhusu mwanamume anayewajua kwa majina wapiga besi wote wa Kisiwa cha Kusini, lakini hajui kwamba mkewe ameacha kunywa chai ya maziwa. Niliupenda mno. Niliusifu hewani mpaka koo likakauka. Nikacheka, nikasema, "Huyu punda ni nani jamani? Anayemjua atupigie simu."

Hakuna aliyepiga. Waliomjua walikuwa wanacheka.

Tavita Leota, msimamizi wa redio, ndiye aliyemtafuta mwimbaji na kunipangia mazungumzo. Hakunitajia jina. Alisema tu, "Utafurahi, uso." Kwao Samoa uso ni ndugu. Lakini nilipomwona Ngaio anaingia na gitaa mgongoni, mimi sikuwa na uso kwa lugha yoyote.

Gitaa lenyewe nilikuwa nalijua. Lilikaa nyuma ya kabati letu la nguo miaka yote. Nilidhani ni la kaka yake.

"Jioni njema, bwana mtangazaji," akasema, akakaa.

Nyuma ya kioo, Tavita alinionyesha dole gumba.

"Karibu," nikasema. "Karibu sana, Bi Jumatatu. Kwa nini Jumatatu?"

"Jumatatu mume wangu huenda kusikiliza bendi za watu. Siku hiyo nyumba inakuwa yangu."

"Kumbe anapenda muziki. Hilo ni jambo jema."

"Anapenda kuuzungumzia."

Ngaio anafundisha wazee kuogelea kwenye bwawa la manispaa. Ana sauti moja ya chini, ya utulivu, anayoitumia kwa watu wanaoogopa kuzama. Ndiyo aliyonitolea.

"Na huyo mume," nikauliza, "wimbo ameshausikia?"

"Sana. Ameusifu. Anasema mji huu haujapata kutoa wimbo wa kweli kama ule."

"Basi ana masikio."

"Anayo. Yamekaa kama vishikio vya sufuria."

Tavita akainama chini ya meza. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hapo mtu mwenye akili angepiga wimbo mwingine. Mimi nikafungua laini za simu. Nilidhani wasikilizaji ni watu wangu, watanionea huruma bila wenyewe kujua wanamwonea nani.

Wa kwanza alikuwa Bi Effie Drummond wa Mosgiel, mjane anayetupigia kila wiki na kuniita mwanangu.

"Bi Jumatatu, binti yangu, huyo mwanamume mwache," akasema. "Mimi wangu alikuwa wa njiwa. Njiwa wa mashindano. Kila njiwa alikuwa na jina lake. Mimi nilikuwa 'wewe'."

"Pole sana, Bi Effie," nikasema. "Lakini tusimhukumu mtu ambaye hayupo kujitetea."

"Ajitetee na nini? Hajui mkewe anakunywa nini."

"Pengine hakuambiwa."

"Mwanangu, hilo la kuambiwa? Si anaona kikombe kinarudi kimejaa?"

"Pengine," nikasema, na laiti mtu angeniziba mdomo hapo, "pengine alikuwa anamwandalia chai kila asubuhi kwa mapenzi yote, kwenye kile kikombe cha kijani kilichokatika mkono, na mkewe akawa anaimwaga kwenye ua la dirishani, anakaa kimya."

Tavita akainua kichwa kutoka chini ya meza.

"Bwana Geddes," akasema Bi Effie taratibu, "kikombe cha kijani kimetoka wapi? Kwenye wimbo hamna kikombe."

Nikamtazama Ngaio. Akaisogelea maikrofoni.

"Kimetoka kwetu, Bi Effie. Kabati la juu, upande wa kushoto."

"Oo," akasema Bi Effie. "Oo, maskini."

Mpaka leo sijui alimaanisha nani.

Baada ya hapo taa za simu ziliwaka zote kwa pamoja. Bwana mmoja wa Invercargill alisema aliwahi kununua mapazia kwangu, nikamsimulia habari za bendi moja ya Timaru tangu kuundwa hadi kuvunjika, mpaka wote wawili tukasahau vipimo. "Mapazia ni mafupi hadi leo," akasema. "Majirani wananiona magoti." Mama mwingine aliuliza ua la dirishani linaendeleaje. Ngaio akajibu kwamba limenawiri.

Halafu akauimba wimbo wenyewe, pale pale mbele yangu, bila kuniangalia. Na mimi, wakati mke wangu anaimba, mnajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natafuta la kusema utakapoisha.

*

Tulishuka ngazi. Nje kulikuwa na harufu ya mikate na upepo wa kusini unaopenya hadi kwenye soksi. Nilikuwa nimeshapanga hasira yangu vizuri.

"Umenivua nguo mbele ya mji mzima," nikamwambia.

"Umejivua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekufunga mpaka kifungo cha shingoni. Nani alikutuma utaje kikombe?"

"Kwa nini hukuniambia kwamba unaimba?"

Akalishusha gitaa, akaliegemeza ukutani.

"Nilikuletea kanda, Dair. Baridi ya mwaka jana. Niliiweka mezani kwako ina jina langu. Ukasema, iweke kwenye rundo. Nikaiweka. Nikakaa, nikakuuliza tena. Ukasema kwanza nisikilize wale vijana wa bendi ya Oamaru, nikishawasikiliza nitaelewa muziki wa nyumbani unatakiwa uwe vipi. Nikawasikiliza. Ni wazuri kweli. Baadaye nikatoa nakala ya wimbo mmoja, nikalifuta jina, nikaitupa mlangoni mwa redio. Wiki hiyo hiyo ukaipiga."

Ile hasira niliyoipanga ikakosa pa kukaa.

"Kwa hiyo ulitaka kuniaibisha," nikasema, kwa sababu ilinibidi niseme kitu.

"Nilitaka unisikie. Nikaona kumbe nikiwa mtu baki inawezekana."

Akaniambia kwamba Jumapili mchana ataimba Port Chalmers, kwenye ukumbi wa zamani wa mabaharia, pamoja na bendi nyingine. Itakuwa mara yake ya kwanza mbele ya watu.

"Nije?"

"Sikukatazi. Ila mpaka hapo nitakuwa kwa dada. Nataka kufanya mazoezi bila kuelezwa."

Akabeba gitaa lake, akavuka barabara. Nilibaki nimesimama nje ya duka la mikate, na mwenye duka akanipungia mkono dirishani. Redio yake ilikuwa imewashwa.

*

Sasa mtu mwingine angekwenda kulala akatafakari. Mimi nikaamua dawa ni kanda.

Kanda ya radhi. Kila wimbo uwe wa kuomba msamaha, wote wa wanamuziki wetu wa hapa, nimpelekee Ngaio kwa dada yake pamoja na maua. Asubuhi nikaomba ruhusa dukani, nikaanza safari.

Nilianza kwa Corban Strachan, anayeimba kwa gitaa moja tu na kuchonga mawe ya makaburi kwa ajili ya ugali wake. Nilimkuta anachonga jina la mtu, amefunikwa na vumbi jeupe kichwani kama aliyemwagiwa unga.

"Una wimbo wa kuomba radhi?"

"Sina. Ninazo za kuachwa. Chagua."

"Za kuachwa sitaki. Zinaweza kumpa wazo. Corban, nilikuhoji vizuri sana mwaka jana, nisaidie."

Akaweka patasi chini.

"Ulinihoji? Dair, mimi nilisema 'asante kwa kunialika', nikasema 'ndiyo', nikasema 'ndiyo kabisa', basi. Mama alikuwa anasikiliza kule Gore. Alinipigia usiku akauliza kama nina ugonjwa wa koo."

Nikaona Corban amekasirishwa na kazi. Makaburi yana uchovu wake. Nikaenda kwa Wilhelmina Paku, tunamwita Mina, anatengeneza majokofu na kupiga kodiani. Wimbo wake kuhusu bibi yake niliuweka kwenye kanda ya jikoni, na nikamhoji saa nzima.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," nikamwambia, "na uniambie ukweli. Mazungumzo yetu yalikuwaje?"

Mina alikuwa ameingiza kichwa ndani ya jokofu la mtu. Alijibu kutoka humo humo.

"Uliniuliza kwa nini niliandika ule wimbo wa bibi. Halafu ukanijibia."

"Nilisema nini?"

"Ulisema ni kwa sababu ya mlio wa besi wa bendi za hapa miaka ya themanini."

"Na haikuwa hivyo?"

Akatoa kichwa, akanitazama.

"Ilikuwa ni kwa sababu alikufa, Dair."

*

Bado sikukubali. Nilikwenda redioni nikamwambia Tavita anifungulie kumbukumbu za kipindi, nithibitishe kwamba wanamuziki ni watu wasio na shukrani. Akanipa kiti, akanipa hedifoni, akakaa pembeni na mkate wake wa jibini wa kukunja.

Jamani, msije mkajisikiliza.

Nilimsikia mtu mmoja anauliza swali refu lenye tawi na vijitawi, na kabla mgeni hajavuta pumzi, mtu yule yule anajibu. Anacheka mwenyewe. Anasema, "Umesema kweli kabisa," na hakuna aliyesema kitu. Nikaruka nikaenda mazungumzo mengine. Yale yale. Msichana mmoja wa Bluff alianza sentensi mara kadhaa kwa neno "Mimi", na kila mara nilimsaidia kuimalizia, na kila mara nilikosea.

Mwishowe nikapata moja nzuri. Nzuri ajabu. Mzee mmoja mpiga kinanda cha mdomo alikuwa anaeleza, polepole, vile alivyokuwa akifanya kazi kwenye bwawa la umeme huko Clyde ujanani, na kila jioni alimpigia mkewe simu, hawasemi chochote, anampulizia wimbo mmoja kisha anakata. Mkewe amekwishafariki, lakini jioni mkono bado unamwenda kwenye simu. Alinyamaza katikati, akaendelea. Hakuna aliyemkatiza. Machozi yalinilenga.

Nikavua hedifoni. "Umeona sasa?" nikamwambia Tavita. "Haya ndiyo mazungumzo. Hapa nilifanyaje?"

Tavita alimeza kwanza.

"Hukuwepo, uso. Ulikuwa umekwenda msalani."

Tavita akaendelea kula, maana si mtu wa kuacha chakula kipoe kwa ajili ya huzuni ya mwingine.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Nilikuambia. Ukaniambia nisikilize vijana wa Oamaru."

Nilirudi nyumbani nikalipekua lile rundo. Kanda ya Ngaio ilikuwa chini kabisa, ina jina lake kamili kwa mwandiko wake wa duara. Nikaiweka kwenye mashine, nikakaa sakafuni jikoni.

Alikuwa ameirekodi hapo hapo jikoni. Birika linasikika. Kiti kinasikika. Na katikati ya wimbo wa pili, mahali ambapo sauti yake inashuka mpaka inakuwa kama mtu anayejiongelea, kuna sauti nyingine nyuma ya ukuta. Ya mwanamume. Inaongea kwenye simu, kwa furaha kubwa, inamweleza mtu fulani kuhusu wapiga besi.

Alikuwa hajaifuta. Aliimba juu yake mpaka mwisho.

Kanda ya radhi sikuitengeneza. Maua niliyokuwa nimenunua nikayaweka kwenye ndoo.

*

Jumapili nilipanda basi la Port Chalmers nikiwa nimejiapiza kitu kimoja: leo sifungui mdomo. Nitaingia, nitasimama nyuma, nitasikiliza, nitarudi.

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko nilivyotarajia. Wengine walikuja kwa ajili ya kile kipindi cha Alhamisi. Nilipokuwa natundika koti nikasikia mtu anamnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo, Kikombe." Mzee mmoja akanipa mkono wa pole kama niliyefiwa. Tavita alikuwa jukwaani, ndiye mshereheshaji, anajaribu maikrofoni.

Nikasimama kwenye pembe ya makoti, kimya. Nilikuwa naendelea vizuri.

Akaja mama mmoja wa makamo, amevaa koti refu la rangi ya haradali. Alijitambulisha kwa jina la Rosalind Vance. Anatoka redio kubwa moja ya Auckland, ile ambayo nimeiandikia miaka na miaka bila kujibiwa hata salamu.

"Wewe ndiye Bwana Geddes," akasema. "Kile kipindi chenu cha Alhamisi kimepita simu hadi simu visiwa vyote viwili. Ofisi yetu nzima ilikisikiliza. Nilicheka mpaka nikalia."

Nikaitikia kwa kichwa. Kimya.

"Tunataka kukuchukueni. Kila wiki, nchi nzima. Mke na mume, kanda yenu mseto, wanamuziki wenu wadogo. Wewe unazungumza, yeye anaimba, anakuumbua kidogo, simu zinaingia. Wanamuziki ambao hakuna aliyewahi kuwasikia watasikika Kaskazini mpaka Kusini."

Nikaendelea kuitikia kwa kichwa. Lakini ndani, wenzangu, ndani palikuwa pamewaka taa nyekundu.

"Tatizo ni mkeo," akasema. "Unadhani atakubali?"

Nataka mnielewe. Nilimfikiria yeye. Niliifikiria ile sauti ya jikoni inasikika Auckland, inasikika kwenye magari na mashambani, na hakuna mtu nyuma ya ukuta anayeifunika. Nikaona hii ndiyo radhi yenyewe, kubwa kuliko kanda yoyote. Kiapo changu kilikuwa kimedumu kutoka kituo cha basi hadi kwenye makoti.

"Atakubali," nikasema.

"Mmeshazungumza?"

"Tunazungumza kila kitu."

"Basi naweza kuwaambia wenzangu?"

"Waambie."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda kumtafuta Tavita. Nikajisikia mwepesi. Nikajisikia mume mwema. Na taa za ukumbi zikapunguzwa.

Ngaio alipanda akiwa amevaa sweta lake la kijivu, lile la kazini. Hakusalimia. Alikosea nyuzi za kwanza, akaacha, akaanza upya.

Hakuimba wimbo wa punda. Watu walikuwa wanaungoja, hakuuimba.

Aliimba wimbo ambao sikuwahi kuusikia, kuhusu mwalimu anayemfundisha mzee kuelea. Mzee anaogopa maji. Mwalimu anamlaza chali, anamshikilia kisogo kwa vidole viwili, anamwambia atazame dari. Anamwongelesha habari za dari, nyufa zake, taa zake. Halafu taratibu anaondoa kidole kimoja. Halafu cha pili. Hamwambii. Mzee anaendelea kuelea na kuongea kuhusu dari, na mwalimu amesimama kando, mikono mitupu, hajui amwambie au amwache.

Sikujua anamwimba nani. Sikujiuliza besi ingeingia wapi. Sikuwaza niuweke kwenye kanda gani. Ulipoisha, niligundua nimeshika koti la mtu mwingine, nimelikumbatia.

Makofi yakaja.

Aliposhuka, alipita katikati ya watu wanaomgusa mabega, akaja moja kwa moja kwenye pembe ya makoti.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akangoja. Alikuwa amezoea kungoja sehemu inayofuata, ile ya maelezo.

"Sina la kusema," nikamwambia. Na ilikuwa kweli.

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kama mlango umefungwa kweli. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akauacha pale.

"Nilikosea pale mwanzo, Dair. Lakini nimependa. Nawaona watu, wananiona, basi. Alhamisi ile redioni nilichukia. Nilipofika kwa dada nilitapika. Kule sirudi tena, hata iwe kwa nani. Hapa panatosha."

Nikalitafuta kwa macho lile koti la haradali.

"Ngaio," nikasema.

"Usiseme kitu. Unakwenda vizuri. Twende nyumbani, unitengenezee chai. Nitakuambia naitaka vipi."

"Ngaio, kuna mama mmoja—"

Lakini Tavita alikuwa ameshapanda jukwaani, uso wake mpana umejaa furaha, na kando yake amesimama lile koti la haradali.

"Ndugu zangu, msiondoke," akasema. "Nina habari ambayo nimeipata sasa hivi na siwezi kukaa nayo. Wale wawili wetu wa Alhamisi, Bi Jumatatu na Bwana Kikombe, wanakwenda redio ya nchi nzima. Kila wiki. Wote wawili wamekubali."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga miguu sakafuni, mbao za zamani zikaitikia. Mzee wa pole akanipa mkono tena, safari hii wa pongezi. Nyuso zote zikageuka kuja pembe ya makoti.

Mkono wa Ngaio ulikuwa bado juu ya mkono wangu. Nilidhani atauondoa. Hakuuondoa. Aliukaza.

"Dair," akasema, kwa ile sauti ya bwawani, ya chini, ya utulivu. "Mimi nimekubali lini?"

"Hotuba," mtu akapaza sauti kutoka mbele. Wengine wakadakia. "Kikombe, hotuba."

Na Tavita, ndugu yangu, mtu asiyewahi kunitakia mabaya, akainama pale jukwaani akawapa watu wa mstari wa mbele maikrofoni, ikaanza kupita mkono hadi mkono kuja kwangu, waya wake ukijivuta juu ya vichwa vya watu.